Ombi la Kuufunga Mtaa Wetu kwa Watafiti wa Vita

Kwa Mratibu,
Ofisi ya Kuratibu Utafiti wa Migogoro,
Ghorofa ya pili, mlango ulioandikwa KARIBU na kupigwa kufuli.

Ndugu Mratibu Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na mafaili yako. Sisi huku hatujambo, kama takwimu zenu zinavyothibitisha. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na tangu vita viishe nimehojiwa mara kumi na moja. Nimeulizwa kama naota ndoto mbaya, kama nina imani na serikali, kama ningekubali kukaa meza moja na adui. Kama nina nafasi, hilo hajaniuliza mtu.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima zote, naomba ofisi yako itoe amri kwamba kuanzia wiki ijayo mtafiti yeyote, wa ndani au wa nje, asikanyage mtaani kwetu akiwa na dodoso, kinasa sauti, au hata lile tabasamu la kuinamisha kichwa upande. Sababu zangu ni hizi:

1. Hamjuani. Jumatatu moja timu ilinikuta asubuhi napiga pasi kola. Wakataka kujua nimesamehe kwa kiwango gani, kuanzia moja mpaka tano. Nikafikiri sana, nikawapa tatu. Saa nane mchana ikaingia timu nyingine, nayo inatafiti msamaha, ila msamaha wao unakwenda mpaka kumi. Nikawapa tatu ileile, maana sikuwa na nyingine. Sasa, Ndugu Mratibu, kwa hesabu zenu mimi nilikaa kula chakula cha mchana nikiwa mwanamke wa amani, nikainuka kunawa mikono nikiwa hatari kwa taifa. Na walipopishana na wenzao waliorudi kuchukua mwavuli, hata salamu hawakupeana. Mmoja akaniuliza kwa kunong'ona wale ni akina nani. Nikamwambia ni wenzako, magari yenu yanalala ua mmoja. Akasema hawafahamu. Na wewe ndiye Mratibu. Hongera kwa kazi.

2. Mlichoshindwa ninyi, tulikifanya sisi. Kwa kuwa sare hazijishoni, nilipanga zamu za kuwajibu, nikabandika karatasi ukutani kando ya vipimo vya wanafunzi. Mama wa dukani akapewa kusimulia tulivyokimbia kuvuka daraja, kwa sababu analia vizuri. Kinyozi akapewa njaa ya mwaka wa pili. Mwalimu mstaafu akapewa chanzo cha mgogoro, maana hakuna mwingine mwenye subira ya kulieleza hilo kwa mgeni anayetazama saa. Mimi nikabaki na wajane na wenye kutojua kama ni wajane. Mgeni akija, aliye zamu anaacha kazi, wengine tunaendelea na zetu. Basi ripoti yenu ya mwaka jana, ukurasa wa tisa, inashangilia kwamba wakazi wa mtaa huu, ambao ninyi mnauita Eneo B, wana "kumbukumbu ya pamoja inayofanana kwa namna ya pekee." Jamani! Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Mlimsikia mtu mmoja yuleyule mara sita.

3. Kujengewa uwezo. Hapa naomba uvumilivu wako, maana nikilikumbuka hili damu inanichemka. Mwalimu mstaafu niliyemtaja aliandika vita vyote, siku baada ya siku, katika madaftari ya shule arobaini: nani kachukuliwa, saa ngapi, na nani, risasi zilitoka upande gani. Aliyaficha ndani ya dari, panya wakala pembe mbili tu. Siku mume wangu alipochukuliwa kwenye kizuizi cha barabarani imo kwenye daftari la ishirini na sita, mistari minne, saa nne na robo asubuhi.

Mwaka juzi mkatuita kwenye warsha ya siku tatu ya kuwajengea wenyeji uwezo wa kufanya utafiti. Somo la kwanza: namna ya kuandika kumbukumbu. Mkufunzi, ambaye vita vyetu alivisoma akiwa kwenye ndege, alimfundisha mwalimu kuandika tarehe juu kulia. Mzee wa watu akaandika tarehe juu kulia. Kisha Dokta mmoja wa timu zenu akayaazima madaftari yale kwa wiki mbili. Sasa yako ng'ambo, kwenye chumba chenye ubaridi maalumu, nasikia yanapumzika vizuri kuliko sisi. Mwalimu alipoandika kuomba japo ayasome, akajibiwa ajaze fomu na kuambatanisha barua ya taasisi ya utafiti inayotambulika. Cheti mlimpa, hilo siwanyimi. Uwezo ukajengwa, madaftari yakaenda.

4. Mmemwajiri wifi yangu. Wifi ni dada wa mume wangu. Tumeishi nyumba moja miaka kumi na tisa, tunagombania sufuria moja na redio moja. Alhamisi moja akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akaja kubisha hodi mlango wa mbele, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Akaniuliza jina langu. Nikamwambia wewe wifi, leo umeamkaje? Akasema, huku midomo inamcheza kwa kicheko, kwamba haruhusiwi kubadili maneno ya dodoso. Haya, nikamtajia jina langu. Akaniuliza nina watoto wangapi, na mmoja wao alikuwa amemfuata nyuma, ameshika kanga yake!

Tulicheka mpaka tukafika sehemu ya kumi na tatu. Je, kuna ndugu aliyepotea? Ndiyo. Uhusiano? Mume. Akaandika mume. Kisha: mtu huyo alikuwa mtu wa namna gani, jibu kwa ufupi. Wifi akaitazama ile karatasi. Huyo ndiye kaka yake aliyemlea baada ya wazazi kufariki, akamsomesha, akamshonea gauni lake la kwanza la kutokea. Tulilia wote wawili pale mezani, wala sioni aibu kuliandika. Siku ya pili msimamizi wake akalirudisha lile dodoso: sehemu ya kumi na tatu haikujazwa mpaka mwisho, tena karatasi ina alama za maji.

5. Hili nilitaka kuliacha, nimeshindwa. Katika ripoti yenu ileile, ukurasa wa arobaini na moja, kwenye kisanduku cha rangi ya bluu, kuna maneno ya Mhojiwa 23 wa Eneo B, mwanamume, zaidi ya miaka hamsini. Anasema: "Yule fundi cherehani walitulazimisha tumfukie sisi wenyewe, nyuma ya ghala. Alikuwa bado na futi yake ya kupimia shingoni." Mtaa huu ulikuwa na mafundi cherehani wawili, Ndugu Mratibu. Wa pili ni mimi.

Miaka tisa sijui niseme nina mume au nilikuwa na mume. Mtu akigonga mlango moyo unanilipuka. Kumbe mlijua. Mlipiga chapa, mkachagua na rangi ya kisanduku.

Nilikuja ofisini kwako. Mlango ulifunguliwa safari ya nne. Bibi wa mapokezi, mpole sana, akanipa maji, akanieleza kwamba mhojiwa analindwa na kanuni za usiri, na jina la ghala lilifutwa kwa maslahi ya jamii. Nikamuuliza jamii hiyo inakaa wapi nikaijulie hali. Mji huu una maghala kumi na manne, nimeyazunguka yote kwa miguu yangu hii, na nyuma ya kila moja kuna majani tu. Nilipokuwa natoka akaniletea karatasi niseme nimeridhika na huduma kwa kiasi gani, moja mpaka tano.

6. Kutokana na hayo, pamoja na kufungwa kwa mtaa, naomba yafuatayo. Timu zote kumi na moja zirudishe maneno yetu, yote, kwa magunia kama hapana budi. Tutayapokea na kuyahesabu. Mtafiti akitaka kuja kwetu, kwanza yeye ahojiwe na sisi kwa saa tatu kavu: amefiwa na nani, alijisikiaje, na angepewa nafasi ya kurudia siku ile angefanya nini tofauti. Asilie; akilia tutamwekea alama. Tutamwandika "Mtafiti 4, anatoka jasho," na akitaka kujua tulichogundua ajaze fomu. Mwisho, mtaa wetu uko tayari kuwajengea uwezo watumishi wako kwa warsha ya siku tatu kuhusu kusalimiana mlangoni. Wifi atafundisha. Vyeti vitatolewa.

Nisalimie bibi wa mapokezi na bilauri yake. Nisalimie dereva wa lile gari jeupe linaloegeshwa juu ya bustani yangu ya mboga. Nisalimie Dokta popote alipo, na umwambie ayafunike madaftari vizuri. Mwalimu mstaafu anakusalimu. Wifi naye anakusalimu, ila anaomba asitajwe, kwa sababu bado yuko kazini kwenu.

Ni mimi niliyechoka kujibu,
Fundi Cherehani na Mpanga Zamu wa Eneo B.

Baada ya sahihi:

Ndugu Mratibu, hiyo amri usiitoe kwanza. Barua imekaa mezani siku tatu sijaituma, na jana kinyozi alikuja kupunguza suruali.

Wanaume waliopita miaka hamsini tumebaki nao wawili tu mtaa mzima. Mwalimu wakati ule alikuwa kitandani na mguu uliovunjika, asingeweza kushika koleo. Kwa hiyo Mhojiwa 23 ni kinyozi. Nilipiga magoti nimpime urefu wa mguu, naye akageuza uso asiitazame futi iliyoning'inia shingoni mwangu. Anajua, na anajua kwamba nami najua. Sikuthubutu kuuliza. Akaniachia suruali, akanitakia siku njema kama anavyonitakia kila asubuhi kwa miaka yote tisa.

Ni mimi niliyempangia aseme njaa tu. Siku moja katika zamu zake zote akaikiuka karatasi yangu, akamwambia mgeni. Mimi hataweza kuniambia nikiwa nimemkodolea macho. Nami, kusema kweli, sina hakika kama nitaweza kusimama nimsikilize.

Basi tafadhali, tuletee mtafiti. Yeyote. Hata awe na dodoso la maswali mia mbili, hata asiwafahamu wenzake. Aje Jumanne. Mimi na wifi tutakwenda kununua vitambaa na tutachelewa kurudi makusudi, kinyozi awe huru. Amuulize ni ghala lipi, na ni sehemu gani huko nyuma. Jina la ghala aniletee mimi, msilifute. Jina la kinyozi asiliandike popote.