Birika Chini ya Kidhibiti

Jirani yangu, Bi Ishbel Rennie, anadai kwamba asubuhi ileile Halmashauri ya Kinlarrick ilipotangaza kuwa baridi imekwisha, meno yake ya bandia yaliganda ndani ya glasi. Anadai ilibidi ayapashe kwa mvuke wa birika ndipo aweze kuitukana Halmashauri kwa ufasaha. Mimi sikuyaona yakiwa yameganda. Nililiona tangazo, na tangazo lilikuwa na muhuri.

"Idara ya Faraja ya Joto Majumbani," lilisema, "ina furaha kuwaarifu wapangaji kwamba, baada ya vidhibiti joto vyenye akili kufungwa katika nyumba zote mia nne na kumi na mbili, baridi ya ndani imekomeshwa rasmi. Wapangaji wanaoendelea kuisikia wanaombwa kuacha."

Maneno hayo nayajua kwa sababu nilikuwepo yakiandikwa. Mimi ndiye mpika chai wa Idara. Shule niliishia darasa la saba, lakini nimesimama nyuma ya viti vya vikao miaka tisa, na hakuna chuo kinachomweka mwanafunzi karibu hivyo na walimu wake. Siku hiyo walibishana saa nzima juu ya neno "kuacha". Wengine walitaka "kupunguza taratibu". Mkurugenzi wetu, Bwana Dalgleish, akakata shauri: watu wakiambiwa wapunguze, watajua kwamba ipo.

Kidhibiti chenyewe ni kiboksi cheupe cha ukutani chenye namba. Kikiona nyumba imepoa, kinawasha mabomba ya joto. Kikiona nyumba ina joto, kinayazima. Mpangaji haruhusiwi kukigusa; kina kifuniko na kufuli. Mwongozo unasema kifungwe ukuta wa jikoni, mita moja na nusu kutoka sakafuni, karibu na soketi ya umeme. Nyumba zetu zote zilijengwa kwa ramani moja, na katika zote mia nne na kumi na mbili mahali hapo ni pale pale: juu ya birika la chai.

Basi Bi Ishbel akisikia baridi, anachemsha chai. Akichemsha, mvuke unapanda. Kidhibiti kinasoma ishirini na nne, kinafurahi, kinazima mabomba. Bi Ishbel anasikia baridi zaidi. Anachemsha tena.

Angekuwa peke yake angevaa makoti mawili na kuendelea kutukana. Lakini mumewe, Mzee Wullie, alikuwa amelazwa tangu Krismasi, kifua kimembana. Daktari alisema asirudishwe kwenye nyumba iliyo chini ya nyuzi kumi na nane. Hospitali haikumuuliza mkewe. Iliiuliza Idara. Idara ilijibu kwa barua: ishirini na nne, nyumba inafaa, mgonjwa arudishwe Ijumaa.

"Watanirudishia mume nije kumzika," Bi Ishbel aliniambia kwenye ngazi. "Wewe uko nao huko. Waambie, mwanangu."

Jumatatu nikamwambia Mkurugenzi, huku namimina.

"Bwana, tatizo ni mahali. Kile kiboksi kiko juu ya birika."

Alinitazama kama vile kikombe ndicho kilichosema. "Dada, wewe ni wa chai. Kifaa kile kina akili."

"Basi kihamishwe tu, bwana. Nimejaza fomu ya ombi la kuhamisha, vyote mia nne na kumi na mbili. Inataka sahihi yako."

"Iache hapo."

Nikaiacha hapo. Akaweka kisahani juu yake.

Hata hivyo Idara si ya watu wasiojali. Jumanne Mkurugenzi mwenyewe alikwenda kukagua. Mimi nilibeba fomu za ukaguzi, kwa sababu afisa wa kubeba fomu alikuwa amelazwa na mafua. Nyumbani kwa Bi Ishbel pumzi zetu zilionekana. Mkurugenzi hakuvua koti, wala glavu, wala kofia.

"Hali ya hewa ya ndani ni ya kuridhisha," alisema, meno yakigongana.

"Kaa basi, nikuletee chai," alisema Bi Ishbel.

"La, asante, mama. Niko kazini."

"Kikombe kimoja tu."

"Kweli, usijisumbue."

"Hakuna mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti hicho bila chai. Hata yule aliyekuja kutukatia umeme alikunywa."

Huku kwetu mgeni anakataa mara mbili, ya tatu anakubali. Anayekataa ya tatu ameutukana ukoo mzima. Nilimkonyeza Bi Ishbel. Nilitikisa kichwa. Nilikohoa. Wapi! Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi. Ungeweza kumwambia mwanamke yule nyumba inaungua, angeuliza wazima moto wanaweka sukari ngapi.

Birika likachemka. Mvuke ukapanda. Mkurugenzi akasogea, akavua glavu moja, akaandika: ishirini na sita.

"Mama, umezidisha," alisema kwa huruma. "Ni kipimo cha nchi za joto hiki."

"Mtazame pua!" Bi Ishbel alinigeukia. "Ina rangi ya bluu, halafu anasema nchi za joto!"

"Pua si chombo cha vipimo," alisema Mkurugenzi, akamaliza biskuti za siagi zote.

Yeye aliposhuka ngazi mimi nilibaki nyuma kidogo, natafuta kalamu ambayo haikuwa imepotea.

"Bi Ishbel, hamishia birika chumbani."

"Birika? Chumbani?" Alishtuka kama nimemwambia aoge barazani. "Watu watasema nini?"

"Watasema Mzee Wullie amerudi, yu hai."

Akachomoa waya.

Ijumaa gari la hospitali lilipomshusha Mzee Wullie, mabomba yalikuwa ya moto hata paka hakukaa juu yake. Mzee alipitishwa mlangoni, akaangalia jikoni, akauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Nani ameiba birika?" Jumatatu Bi Ishbel akapokea barua: Idara imeona kwa masikitiko kwamba nyumba yake imeshuka kutoka ishirini na sita hadi kumi na tisa, na inamtaka ajieleze. Ameitundika chooni.

Kwa mafanikio ya kukomesha baridi majumbani, Idara iliamua kuwa mfano. Kidhibiti kikafungwa kwenye ofisi zetu wenyewe, kufuata mwongozo neno kwa neno: mita moja na nusu, karibu na soketi. Soketi ni moja, kwenye kijichumba changu, na chini yake lipo birika kubwa la vikombe hamsini, ambalo kwa mujibu wa kazi yangu halizimwi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.

Kinasoma ishirini na tisa. Mabomba ya ofisi ni ya baridi kama samaki. Siku ya kwanza waliagiza chai mara nne. Siku ya pili mara tisa. Siku ya tatu mhasibu alikuja na blanketi, akaandikiwa onyo kwa kusikia baridi wakati wa saa za kazi. Kufuli la kifuniko linafunguliwa kwa fomu, na fomu hiyo inakaguliwa na Mkurugenzi kwa siku ishirini na nane, baada ya kuthibitisha kwamba mlalamikaji kweli anasikia baridi. Ameshajikagua mara mbili. Kidhibiti kinamkanusha.

Leo amekuja mlangoni kwangu mwenyewe, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, mikono kwapani.

"Dada," amesema taratibu, ili wengine wasisikie. "Hilo birika. Huwezi kulizima kidogo? Dakika ishirini tu. Nakuomba."

Nimetazama ukutani: ishirini na tisa. Nimetazama meza yake kupitia mlango ulio wazi. Kisahani kipo, na ile fomu ambayo nyumba mia nne na kumi na moja zilizobaki bado zinaingoja ipo chini yake, ina duara la chai mahali pa sahihi.

Nimechukua kikombe chake, nikakijaza mpaka juu.

"Tafadhali," amesema.

Nikamuuliza anaweka sukari ngapi.