Kamati ya Vinyweleo

Kwa furaha kubwa na kwa maslahi mapana ya taifa, Wizara ya Usafiri ilitangaza kuundwa kwa Kamati ya Kuthibitisha Masimulizi ya Angani. Kuanzia siku hiyo, rubani yeyote aliyepatwa na mkasa huko juu hakuruhusiwa kuwa ameokoka mpaka Kamati imsikilize na kuridhika. Wasioitakia nchi mema waliuliza kwa nini kazi hiyo wasipewe mafundi wa ndege. Wizara iliwajibu kwa upole kwamba fundi anajua ndege tu, masimulizi hayajui.

Mwenyekiti aliyeteuliwa hakuwa na doa. Alikuwa hajawahi kupanda ndege maishani mwake, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumtuhumu kuwa ana upande. Kabla ya hapo alikuwa msimamizi wa viti na mapazia wizarani, kazi aliyoifanya kwa ukali. Tatizo lilikuwa moja: uenyekiti alikuwa anaukaimu. Angethibitishwa baada ya kesi ya kwanza, kama ingekwenda vizuri, na neno hilo "kaimu" lilimnyima usingizi kuliko mbu.

Kipimo cha Kamati kilikuwa cha kisayansi. Msimuliaji alisimama mbele ya meza akasimulia. Katibu, mama mmoja mwadilifu asiyecheka ovyo, alikunja mkono wa blauzi yake na kuulaza mkono mezani chini ya taa. Vinyweleo vikisimama, simulizi ni la kweli. Vikilala, ni la uongo. Feni ilizimwa muda wote, isije ikavuruga ushahidi. Kipimo hicho kilijaribiwa kwanza kwa hotuba za Waziri, vinyweleo vikasimama kila alipofungua mdomo, na hapo hapo kikaidhinishwa. Mjumbe wa tatu alikuwa mzee mnene ambaye kazi yake ilikuwa kuunga mkono.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya rubani mmoja mwanamke. Kwa bahati mbaya, alikuwa mdogo wa mke wa Mwenyekiti.

"Shemeji, hamjambo nyumbani?" alisalimia alipoingia, kofia yake ya kazi kwapani.

"Humu ndani hakuna shemeji," alisema Mwenyekiti. "Na ili mtu asije akasema nakupendelea, naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba nitakuonea."

"Naunga mkono," alisema Mjumbe.

"Simulia."

Rubani alikohoa kidogo. "Mwewe aliingia kwenye injini ya kulia, ikaharibika. Nikaizima. Nikarudi na ya kushoto, nikatua."

Kamati ilingoja. Taa ilikuwa inachoma mkono wa Katibu.

"Basi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Basi."

Katibu aliinama akaukagua mkono. "Vimelala," alisema.

"Binti, umeponea chupuchupu," alisema Mwenyekiti, "halafu unatusimulia kama mtu aliyekwenda sokoni akakuta nyanya zimekwisha? Hukutetemeka? Hukuona maisha yako yote yakipita mbele ya macho?"

"Nilikuwa naangalia mita, shemeji. Samahani, Mheshimiwa."

"Hata kelele hazikuwepo?"

"Zilikuwepo. Abiria alikuwa mmoja, na alikuwa anamwita mama yake."

Kila mtu alijua kwamba abiria huyo alikuwa Waziri mwenyewe. Mjumbe, aliyekuwa ameshafungua mdomo ili aunge mkono, aliufunga taratibu. Mwenyekiti alimgeukia Katibu.

"Hilo lifutwe," alisema.

"Sikilizeni," alisema rubani, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Mimi sijui kusimulia, najua kurusha. Mkinifungia leseni sina kazi nyingine niliyosomea, na watoto wangu wanakula kwa hii hii. Niambieni ni wapi nilikosea kule juu."

Mwenyekiti alimwonea huruma, tena ya kweli. Watoto hao aliwajua kwa majina ya utani na mmoja alikuwa na sura ya mkewe kabisa. Kisha akakumbuka kwamba yeye bado ni kaimu, na huruma ikamwisha.

Baada yake aliingia Waziri, akiwa na kiti chake na mito yake. Alisimulia kwa kusimama, kwa kuchuchumaa na kwa kupanda juu ya meza. Alisema rubani alizimia kwa woga. Yeye Waziri aliruka viti, akashika usukani kwa mkono mmoja, akafungua dirisha, akauingiza mkono wa pili ndani ya injini na kumtoa yule mwewe, ambaye alikuwa bado mzima. Alimkanya, akamwachia aende zake. Kisha akaitua ndege akiwa anamfariji rubani.

"Vimesimama!" alisema Katibu, na yeye mwenyewe aliogopa. "Mpaka vya shingoni!"

"Naunga mkono," alisema Mjumbe, machozi yakimlengalenga.

Uamuzi ulisomwa siku hiyo hiyo. Simulizi la Waziri lilikuwa kweli tupu. Leseni ya rubani ilifungiwa kwa kosa la kuzimia kazini bila ruhusa.

Jioni, mke wa Mwenyekiti alimtengea chakula bila kumtazama usoni.

"Mdogo wangu alizimia?"

"Kamati imethibitisha."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi ndiye Kamati."

"Basi iambie Kamati ilale sebuleni."

Simulizi la Waziri lilienea kila kona na hatimaye likamfikia Mkubwa wa nchi, mtu aliyependa sana mashujaa, hasa walio chini yake. Siku ya kuzindua uwanja mpya wa ndege alisimama jukwaani mbele ya umati.

"Ndugu wananchi! Kwa nini tusimuliwe wakati tunaweza kuona? Waziri wangu ataizungusha ndege juu ya mji yeye mwenyewe. Na Kamati iliyothibitisha itapanda naye!" Akamgeukia Mwenyekiti, akipiga mfuko wa koti. "Barua yako ya kuthibitishwa ninayo hapa. Utaipata mkishuka."

Wakapanda. Ungesema nini? Waziri alikaa kiti cha rubani, na Mwenyekiti na wenzake wakajifunga mikanda nyuma. Redio ya ndege ilikuwa imeunganishwa na vipaza sauti vya uwanja, ili wananchi wasikie ushujaa ukitendeka. Magogo ya kuzuia magurudumu yalikuwa yameondolewa kwa sababu yaliharibu picha. Uwanja wenyewe, uliojengwa chini ya usimamizi makini wa Wizara, ulikuwa na mteremko kidogo kuelekea jukwaa la wageni.

Waziri alifunika maiki kwa kiganja. "Mwenyekiti," alinong'ona, "hii inawashwaje?"

"Mheshimiwa, si uliirusha?"

"Siku ile ilikuwa imeshawashwa!"

Alibonyeza hiki, akazungusha kile. Akaona mpini mmoja umekaa kama unaomba kusukumwa. Akausukuma. Ilikuwa breki, na sasa ilikuwa imeachiwa.

Ndege ilianza kuteremka, mwanzo polepole, halafu si polepole tena. Waziri alishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Mama!" vipaza sauti vilitangaza uwanja mzima. "Mama yangu weee! Nakufa, mama!"

Rubani alikuwa pembeni ya jukwaa, ambako Wizara ilimpa kibarua cha kupanga viti vya wageni. Alikiacha kiti alichoshika, akakimbia sambamba na ndege, akafungua mlango, akapitisha mkono juu ya mapaja ya Waziri na kuivuta breki. Ndege ilisimama karibu kabisa na meza ya Mkubwa, na maji kwenye bilauri yakatikisika.

"Nini kimetokea?" aliuliza Mkubwa, akiwa chini ya meza.

"Breki iliachiwa," alisema rubani akihema. "Nimeivuta."

"Basi?"

"Basi."

Mkubwa alijitokeza, akajipangusa magoti. Alimtazama Waziri, ambaye bado alikuwa anamtafuta mama yake, kisha akasema huyu binti arudishiwe leseni yake leo leo. "Na nani aliyethibitisha upuuzi ule?"

Mwenyekiti alishuka. Aliiona ncha ya barua kwenye mfuko wa koti, akajikaza. Akasimulia kwamba alimshuku Waziri tangu mwanzo, kwamba mpango wote ulikuwa mtego wake, na kwamba ni yeye aliyemkonyeza shemeji yake kupitia dirishani, akiweka roho yake rehani kwa ajili ya ukweli na taifa. Sauti ilimtetemeka pale ilipotakiwa kutetemeka. Hata chozi lilitoka.

Mkubwa alimgeukia Katibu. Kwa mazoea ya kazi, mama yule alikuwa ameshashuka, akakunja mkono wa blauzi na kuunyoosha juani. Aliusogeza karibu na macho, akaugeuza huku na huku bila haraka, maana alikuwa mtu wa haki.

"Vimelala, Mheshimiwa."

"Naunga mkono," alisema Mjumbe kutoka ndani ya ndege.