Norman Kuria na Vita vya Mapazia Mawili ya Kinoo

Nyamazeni kidogo, enyi mliowahi kufungua pazia nalo likajifunga nyuma ya migongo yenu, mpate kusikia jinsi Norman wa Kuria, aliyeyatunza mafaili ya bima kule Upper Hill miaka ishirini na sita bila karatasi hata moja kumponyoka, alivyoshuka vitani na nguo mbili nzito za zambarau.

Ilikuwa Jumatano. Alasiri, mkewe Wangeci angerudi kutoka hospitali, nyonga imetiwa chuma, na daktari alikwisha kuamuru kwamba kwa majuma sita asiinuke bila kushikwa. Angelala kwenye kochi la dirishani. Naye alikuwa na ombi moja tu, alilolitamka kama malkia anayeweka masharti ya amani:

“Baba Shiko, chakula chako nitakula hata kikiungua. Lakini ukiniweka gizani wiki sita, nisione barabara na watu wake, tutakosana.”

Kwani mapazia yale yalikuwa na hila. Ukiyasukuma kando yalingoja uketi, kisha upepo ukaja, nayo yakarudiana katikati kama ndugu waliopatana.

Asubuhi hiyo Norman aliingia duka moja la Hurlingham, la mama aitwaye Vimla, akaomba vishikio, ile mikanda mifupi ya kubana pazia ubavuni. Akaonyeshwa vya nyuzi za dhahabu. Akakitazama kikaratasi cha bei, akakigeuza, akidhani labda upande wa pili una huruma.

“Mama,” akanena, akinyoosha mgongo, “mbele yako yuko mtu aliyetoka kulipa hospitali. Moyo anao, silaha hana.”

Vimla alicheka hadi miwani ikamteleza. “Mzee, kwani lazima ununue? Tai za ofisi bado unazo? Kunja katikati, shona pete kila upande, tundika kwa msumari, imeisha. Mimi nyumbani nimefunga na mtandio wa zamani.” Akamtilia pete nne za plastiki mkononi, akakataa malipo.

Kabatini tai zilikuwa kumi na moja, hazijaguswa tangu astaafu. Mkono wa shujaa ukasita. Alizipapasa moja moja, akajiuliza, mtu akitoa tai zake, amebaki kuwa nani? Kisha akaikumbuka sura ya Wangeci juu ya mto wa hospitali, akazivuta mbili za samawati kwa nguvu hata kabati likatikisika.

Kwanza alijaribu njia ya mkato: akalifunga pazia fundo lile lile alilojifunga kila asubuhi. Lo! Pazia likasimama limekabwa koo, kama karani anayekwenda kwenye usaili. Akafungua. Akatwaa sindano, silaha asiyopata kuishika maishani, nayo ikamchoma dole gumba mara nne, nao uzi ukafanya mafundo kwa kiburi chake wenyewe. Hakurudi nyuma. Ukuta nao ukaingia vitani: msumari wa kwanza ukapinda, wa pili ukarukia chini ya kochi, wa tatu ukaingia, na wa nne, baada ya maneno yasiyofaa kuandikwa hapa, ukamfuata wa tatu ukutani.

Saa tisa Wangeci akalazwa kochini. Akayakagua mapazia mshono kwa mshono, nayo dakika hiyo ikawa ndefu kuliko siku nzima ya vita.

“Umeshona wewe?”

“Nimeshona mimi.”

“Mishono imepinda.”

“Imepinda, mama, lakini imeshika.”

Upepo ukaja. Mapazia yakavimba, yakasukasuka, yakavuta kwa hasira. Tai hazikuachia. Wangeci akageuza shingo dirishani, na ghafla akagonganisha viganja.

“Heh! Kwani Janice wa ng'ambo ya barabara amepaka nyumba yake rangi ya malenge? Na hakuna mtu aliniambia! Baba Shiko, niinulie hii mto kidogo. Kuja ukae hapa unieleze.”

Akaketi, dole gumba mdomoni, akaanza kueleza.

Basi na ijulikane kwa vizazi, toka Kinoo hadi Hurlingham, na wanaotunza kumbukumbu za mataifa waiandike kwa wino usiofutika: kwamba Jumatano ile, kwa mkono wa Norman wa Kuria, mapazia mawili yaliamriwa yakae kando, nayo yakakaa.