Hodi ya Mwisho Gazetini

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tatu katika chumba cha magazeti ya zamani. Leo nimepiga chafya mara ishirini na mbili. Mama Kamusi, mhariri wetu wa kamusi, ametupa neno la wiki: hodi. Zamani wasomaji walianza barua zao kwa mhariri kwa kupiga hodi, kana kwamba wamesimama mlangoni. Siku hizi hakuna. Anataka kujua desturi hiyo iliisha lini. Tuko wanagenzi wawili, mimi na Kasuku, na kiti ni kimoja. Atakayeleta hodi ya karibuni zaidi atabaki. Kasuku huongea hata akipiga mswaki, naamini. Mimi kumsalimia mlinzi tu hujiandaa tangu kona. Kiti hiki nakitaka! Magazeti hayakuulizi mbona umenyamaza.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Jarida la mwaka mmoja kabla mama yangu hajaolewa. Fundi baiskeli anapiga hodi, anaomba radhi kwa mwandiko wake, kisha anamlalamikia jogoo wa jirani safu nzima. Nimempenda kama mjomba. Nikajaza kadi ya neno, nikaiweka mezani kwa Mama Kamusi. Baada ya chai Kasuku akaja na hodi ya muuguzi, ya miaka miwili baada ya fundi wangu. Akaniambia pole dada, nikishakaa nyumbani atakuja kunitembelea. Mdomo ule!

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Mama Kamusi alisema ya karibuni zaidi. Basi hata ya wiki hii! Nimeliandikia gazeti la hapa mjini barua kuhusu taa ya njia panda iliyokufa. Nimeanza na hodi. Sahihi: Mzee Mstaafu. Nimeitumbukiza mwenyewe kwenye sanduku lao, jasho mpaka viganjani. Ikitoka, nitaikata, nitajaza kadi, kiti changu. Taa kweli imekufa, kwa hiyo si uongo mtupu.

Jumatatu, 10 Machi
Imetoka! Ukurasa wa saba! Nikakimbia na gazeti mpaka kwa Mama Kamusi. Mlango umefungwa. Nikasimama nikijipanga nitabisha vipi. Nikajaribu sauti tatu, zote kimoyomoyo. Kasuku akapita na gazeti lake, ukurasa wa saba juu, akabisha, akaingia. Mara shangwe! Nikamsikia Mama Kamusi akimwita mwanangu. Mimi hajawahi. Mzee Mstaafu ameniponza, na siwezi kusema ni wangu.

Alhamisi, 13 Machi
Makubwa. Wasomaji sita wamemjibu Mzee Mstaafu, na wote wamepiga hodi! Kinyozi mmoja anasema machozi yamemtoka, maana hajaiona salamu hiyo tangu alipokuwa akimsomea marehemu baba yake gazeti. Nikajisikia vibaya, kisha vizuri, kisha njaa.

Saa nane tukaitwa, mimi na Kasuku. Mama Kamusi akauliza ni mstaafu gani huyo anayepiga mstari chini ya hodi. Ole wangu! Ndivyo tunavyotakiwa kufanya kwenye kadi, kwa rula, na gazeti limechapa mstari vilevile. Kasuku hajawahi kushika rula. Nikakiri kwa sauti ya mbu. Akaichana kadi ya Kasuku ya barua ile vipande viwili. Halafu akacheka mpaka akavua miwani. Akasema barua yangu ni ya kughushi, haiingii kamusini ng'o, lakini zile sita ni za watu wa kweli, na neno aliloanza kulichimbia kaburi limeketi kitako. Kiti hakipewi mtu bado. Ametuongezea mwezi mmoja, sote wawili. Nikaapa sitaandika tena gazetini. Tukitoka, Kasuku akaninong'oneza kwamba barua ilikuwa tamu, mzee wangu, na taa yenyewe wameshaitengeneza.

Ijumaa, 14 Machi
Neno jipya: samahani. Kasuku ana kadi kumi na moja. Mimi tatu. Lakini safari hii Mama Kamusi anapokea hata maneno yanayosomwa redioni, na redio sikuiapia! Kipindi cha salamu kinachukua barua mpaka Jumatatu. Nimenunua bahasha tano na jina ninalo: Mama Pacha wa Mtaa wa Pili. Wanawe ni watundu kupindukia. Maskini, ataomba samahani kila siku.