Gari Linalokula Moshi Wake

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Aibu! Gari langu, dizeli la porini, magurudumu yote manne yanasukuma, limeshindwa na kilima cha kwa binti yetu. Katikati likakohoa, likatoa moshi mweusi kama roho ya shemeji, likaanza kurudi nyuma. Bibi yangu akashuka, akamalizia kwa miguu. Akanipita! Huyo shemeji, kaka yake, alikuwa kule juu anashangilia. Ati shemeji, usikate tamaa, hata mtoto huanza kwa kutambaa.

Hukumu ya bibi: lisipofika juu Jumamosi, linauzwa kwa kaka yake. Anataka kulifanya banda la kuku. Gari lililomleta mjukuu wetu wa kwanza kutoka hospitali!

Na ndiye aliyeiba kofia yangu ya sufu. Ilipotea siku niliyobadilisha filta ya hewa kwa mikono yangu. Yeye alikuwepo. Sihitaji polisi.

Jumanne, tarehe 4
Kwa fundi. Kanionyesha EGR: bomba lenye vali, linauchukua moshi unaotoka na kuurudisha injini iuvute tena. Ati kupunguza sumu hewani. Nimecheka mpaka meno ya bandia yakataka kushuka. Nani alirudishiwa ushuzi wake puani akapanda mlima? Ing'oe! Fundi akagoma. Ati mzee wangu, hairuhusiwi, tuisafishe tu, na kwanza tuangalie filta. Tuangalie nini? Niliifunga mwenyewe! Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nitainama.

Jumatano, tarehe 5
Nimeinama. Mgongo umekataa kurudi. Bolti za mwisho zimetoka kwa nyundo na matusi. EGR iko chini ya kitanda. Tundu lililobaki nimeliziba kwa kipande cha bati. Bati safi sana.

Alhamisi, tarehe 6
Bibi anauliza nani kakata kifuniko cha sufuria kubwa. Nikasema panya. Akasema anamjua panya huyo, ana mvi na msumeno.

Moshi umezidi! Bila shaka ni ule wa miaka yote, uliofungiwa. Uache utoke. Mbwa wa jirani kahama. Taa ya njano imewaka kwenye dashibodi. Nimeibandika plasta. Haiwaki tena. Huo ndio ufundi.

Ijumaa, tarehe 7
Nimejaribu kilima kwa siri. Nusu. Nikajaribu kinyumenyume. Nusu ile ile, ila sasa na shingo inauma.

Jioni shemeji kaja na futi, anapima ndani ya gari kuku wangapi wataenea. Bibi kamshikia ncha ya futi. Ndoa hii! Wote walipoingia ndani nilibaki nimekaa kwenye usukani. Machozi? Ni moshi.

Jumamosi, tarehe 8
Shemeji kawahi kukagua mali yake. Kafungua boneti. Kafungua boksi la filta. Akaingiza mkono. Kisha akavuta, taratibu, kama mkunga, kofia yangu ya sufu! Nyeusi tii, imeziba njia yote ya hewa. Akacheka mpaka akakaa chini. Ati shemeji, miezi yote hii gari linapumulia kofia yako!

Kwa hamu ya kunisimanga akashika usukani mwenyewe, bibi ubavuni, mimi nyuma na kofia yangu. Gari likapanda kama mbuzi, bati la sufuria likipiga mluzi njia nzima. Tulipofika juu bado anacheka. Bibi akamwambia: kaka, limefika, haliuzwi. Kicheko kikakatika. Utamu!

Jumapili, tarehe 9
Nimetafakari. EGR haimo, gari limepanda. Ushahidi gani tena? Na kofia aliitia humo yeye. Mwizi akibanwa hurudisha.

Leo nimechungulia injini tena, nikakaza hiki na kile. Nimekuta turbo. Konokono mzima wa chuma, ati huipa injini nguvu, kumbe anazungushwa na moshi ule ule! Kesho namtoa.

Tangu nifunge boneti kuna kitu kinagonga karibu na feni, ko-ko-ko. Kidogo tu.

Hapa naandika kwa kukisia. Miwani yangu haionekani popote. Na shemeji alipita hapa mchana.