Kilele Kisichotosha Baba Wawili

Nyumba ya wageni, chini ya Mlima Aragats

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Njia za Milima, Armenia,

Nakusalimu kwa heshima anayostahili mtu aliyekabidhiwa kitu kirefu kiasi hiki. Mimi ni Ardavan Sotudeh, mwalimu mstaafu wa sarufi kutoka Qazvin, Iran. Naandika kuulalamikia mlima wako. Ni mwembamba kupita kiasi, na kwa wembamba huo harusi ya binti yangu Nastaran haina tarehe.

Nastaran amechumbiwa na Kiumars, mtoto wa Agha, yaani Bwana, Homayun Rastegar. Kwa mwaka mzima mimi na Agha Homayun tumekuwa tukipanga siku. Mimi husema, "Siku utakayoipenda wewe." Yeye hujibu, "Mimi ni nani hata niseme mbele yako?" Kisha tunakunywa chai na kuagana. Wake zetu walichoka. Wakaamua familia zote mbili zije kwenu kwa magari, tupande Aragats, na baba atakayetangulia kukanyaga kilele ndiye atakayetaja siku. Wazo lilikuwa zuri. Mlima ndio ulioliharibu, kama ifuatavyo:

1. Barabara. Tangu mpakani mandhari yanapendeza, nakiri, lakini kona za kuelekea Kajaran haziruhusu magari mawili kuingia sambamba. Mtu mwenye adabu hamtangulii mkwe wake. Nilisimama pembeni ili Agha Homayun apite. Naye akasimama nyuma yangu ili mimi niendelee. Malori yakapanga foleni mpaka bondeni. Dereva mmoja, mtu wa kwetu, alitoa kichwa dirishani: "Wazee, kama mnagombana, piganeni basi tupite!" Nilimweleza kwamba hatugombani, tunaheshimiana. Akasema, "Mungu wangu, hiyo ndiyo mbaya zaidi!"

2. Mlango wa nyumba hii. Ni wa mtu mmoja. Mvua ilituloanisha kizingitini huku kila mmoja akimshika mwenzake kiwiko na kumsukuma ndani kwa upole. Mke wangu Mahin, ambaye alikwisha kuketi mezani, alisema kwa sauti, "Waacheni huko. Supu yao tutainywa sisi." Wakainywa.

3. Njia ya kupandia. Hapa ndipo penye kidonda. Ziwani, njia inapoanzia, uwanda ni mpana, na sote sita tulitembea ubavu kwa ubavu kama watu wastaarabu. Juu zaidi njia ikabana katikati ya miamba.

"Tafadhali, Agha Homayun."

"Haiwezekani kabisa, Agha Ardavan. Nikupe mgongo?"

"Wewe ni ua, bwana. Ua lina mgongo wapi?"

"Basi mimi ni vumbi la viatu vyako, na vumbi hubaki nyuma."

Kwa hoja alinishinda, lakini sikusogea. Wake zetu walikaa juu ya jiwe wakitafuna mbegu za alizeti na kututazama kama walio sinema. Nastaran akasema, "Baba jan, nikiwangoja nyinyi wawili nitaolewa na mkongojo mkononi!" Kisha yeye na Kiumars wakapenya kati yetu, wakasema wanakwenda kupiga picha. Ukungu ukashuka. Ikabidi turudi chini bila tarehe. Kuteremka nako kulituchelewesha, kwa sababu hizohizo.

4. Kilele chenyewe. Hata njia ikipanuliwa, naambiwa juu kabisa kumechongoka, na mguu mmoja lazima uwe wa kwanza. Ni nani aliyepitisha ramani ya namna hii? Tena naambiwa mlima wako una vilele vinne. Vinne! Na hakuna hata viwili vinavyolingana kwa urefu. Vingelingana, kila baba angepanda chake, na kwa ishara ya filimbi tungekanyaga pamoja. Huo ni uzembe, Mheshimiwa, na sisemi hivyo kwa hasira.

Kwa hiyo naomba barabara, mlango na njia vipanuliwe vitoshe wakwe wawili wenye makoti. Kilele kikatwe, kisawazishwe, kitandikwe zulia. Zulia nitalileta mwenyewe. Kama kukata hakuwezekani, vilele vitatu vilivyo vifupi viongezwe mawe mpaka vilingane na kile kirefu. Naomba kazi hiyo iharakishwe. Tangu jana Nastaran anatabasamu peke yake, jambo ambalo kwa msichana asiye na siku ya harusi ni dalili mbaya.

Nisalimie watu wa ofisi yako, jamaa zao, na wachungaji wa kule juu waliotupa mtindi bila kuuliza nani anywe kwanza. Agha Homayun naye anakusalimu. Alitaka salamu zangu zitangulie, nami nimekubali kwa shingo upande.

Wako mwenye kuheshimu utaratibu,
Ardavan Sotudeh

Baada ya kusaini: Nilimpa Nastaran barua hii aipeleke posta, naye ameisoma bila ruhusa. Anasema msiguse jiwe hata moja. Yeye na Kiumars walifika kileleni jana, wakakanyaga pamoja, na siku wameshaitaja: Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Mehr wa kalenda yetu. Mama zao wanajua tangu jana jioni. Anasema pia kwamba kwenye ile miamba walipita wawili kwa mara moja, na nafasi ikabaki. Sikumwuliza walikuwa wamekaribiana kiasi gani.