Salamu za Mama Mkwe Redioni

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya Waswahili wote wa Toronto.

Mama mkwe yupo huku kutoka Moshi, kafikia Agincourt kwa shemeji yangu Upendo. Leo mchana alikuwa anakuja kwetu Rexdale kula, kwa mara ya kwanza. Mama huyu hajawahi kunikubali sawasawa. Nikaona nimlainishe: nipige simu kwenye kipindi cha salamu cha Kiswahili, anisikie akiwa njiani. Upendo nilishamwambia afungue redio ya gari.

Sisi nyumbani tumeachana na redio ya zamani, ile ya antena iliyofungwa waya. Tangu juzi tuna ya dijitali. Sauti safi, haikwaruzi. (Niliisifia mpaka mke wangu, Neema, akaniomba ninyamaze.)

Simu ikapokelewa. Fundi wa studio akaniambia nizime redio yangu. Sikuzima. Nilitaka kujisikia.

Nikasubiri. Jasho linanitoka, shati la kitenge alilonishonea mama mkwe limenibana. Mara mtangazaji akanikaribisha kwenye simu, akauliza salamu zangu ni za nani. Lakini redioni wimbo ulikuwa bado unapigwa. Nikajua ananijaribu tu, sijaingia hewani.

"Za mama mkwe," nikasema. "Ila mnisaidie kumwambia, nikivaa shati hili nafanana na pazia la gesti."

Neema akatokea jikoni, mwiko mkononi, akauliza kama niko hewani.

"Bado. Husikii wimbo?"

Wimbo ukakatika. Redio ikamkaribisha msikilizaji wa Rexdale, maneno yale yale niliyoyasikia kwenye simu muda si mrefu. Hapo ndipo nikakumbuka muuzaji alinieleza kwamba dijitali huchelewa sekunde kadhaa. (Nilimwitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelewa.) Ile ya zamani ukiongea unajisikia papo hapo.

Nikajua kinachofuata, neno kwa neno. Nikairukia redio nikaizima. (Kana kwamba nimezima na ya kwenye gari.)

"Umemwambia nini mama yangu?" Neema akauliza polepole.

Nikaomba Mungu Upendo na Mama wawe wamepita chini ya daraja, mawimbi yakakatika.

Kengele ikalia. Muda wa kubadilisha shati sina. Nikafungua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Akanitazama kuanzia kola hadi kifungo cha mwisho. Nyuma yake Upendo anauma midomo, machozi yanamlengalenga. Mama akapita, akaketi, akala sahani mbili, akamsifia Neema kuku wake. Kuhusu redio, hata neno moja. Kufika kwenye chai nikaanza kujipa moyo kwamba labda hakusikia.

Wakati wa kuondoka akaniita kando, mlangoni.

"Gari la Upendo lina redio nzuri, baba. Kila neno linasikika." Akafunga koti taratibu. "Jumamosi ijayo na mimi nitapiga. Nina salamu zako."

Ndugu zangu, nawaomba kwa heshima zote: Jumamosi ijayo fueni nguo, nendeni sokoni, laleni, ila redio msifungue.